Kwa Mzee Paddy Odwori, Aliyekwenda Pwani Kila Agosti Kutazama Nyangumi

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe tisa Oktoba ulipoketi kwenye kiti chako cha ofisini Malaba, mpakani, ukaagiza chai isiyo na sukari, ukaondoka duniani kabla haijafika mezani. Chai ililetwa. Aliinywa Shemeji Ebong, mume wa dada yako Damalie, ambaye alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kutangaza kwamba yeye alijua tangu zamani.

Alijua nini, tutaeleza. Hatuna haraka, na wewe pia huna.

Ulikuwa wakala wa forodha kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hukuandika kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. Wenzako walijaza fomu wakiwa wamekaa. Wewe ulivaa viatu vyako vya mpira, ukatoka juani, ukatembea mstari mzima wa malori kutoka getini hadi unakoishia, kisha ukarudi ukihesabu upya.

"Ochen," ulimwambia karani wako siku moja, "hili umelihesabu mara mbili."

"Hapana, Mzee. Iko mbili."

"Liko moja. Dereva alitoka kwenye mstari akapike, akarudia nyuma. Tazama bampa ilivyokunjwa."

Ochen akatazama. Hadi leo hutazama bampa za malori yasiyomhusu, na mkewe amelalamika.

Wema wako tuliusikia kutoka kwa wengine. Siku ya msiba walikuja madereva tusiowajua, wakasema kwamba foleni ilipofika wiki mbili wewe uliwapelekea maji ya kuoga kutoka nyumbani, mtungi baada ya mtungi. Ndipo Mama alipojua mitungi yake ilikokuwa ikienda. Miwili bado wanayo.

Hukuwa malaika, na familia isingependa umma udhani hivyo. Ulikoroma. Ulipunguza sauti ya redio za watu wengine. Ulikata kucha mezani. Kofia yako moja uliivaa tangu Kate, binti yako, akiwa darasa la pili, na Kate sasa ni muuguzi. Na kila mwaka ifikapo tarehe moja Agosti, mahindi yakivunwa na kila mkono ukihitajika, uliomba likizo, ukapanda basi, ukaenda Watamu, baharini, kutazama nyangumi.

Miaka kumi na minane, Baba.

Ulianza mwaka 2007, ulipofuata kontena la vipuri lililokwama bandarini Mombasa. Jumapili haikuwa na kazi, mtu akakupeleka Watamu, ukaketi juu ya mwamba ukila mahindi ya kuchoma, na bahari ikapumua mbele yako. Hivyo ndivyo ulivyosimulia: ilipumua. Wengine hurudi kutoka pwani na halua au kanga. Wewe ulirudi na daftari lenye ukurasa mmoja ulioandikwa.

Madaftari sasa ni kumi na manane, na tumeyasoma yote. Yameandikwa kama fomu za forodha, kwa sababu hukujua namna nyingine ya kuandika. "Saa tatu na dakika kumi. Upepo wa kusini, kidogo. Pumzi moja, mbali, kaskazini mashariki. Pumzi ya pili baada ya sekunde ishirini. Mgongo umeonekana. Nundu imeonekana. Mkia haukuonyeshwa. Nyangumi: mmoja. Labda." Neno "labda" ulilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Na wale wageni waliopiga kelele kila wimbi lilipovunjika na kutoa povu, uliwadharau kwa utaratibu, kwa tarehe na saa. "Wimbi. Wimbi tena. Mama mwenye kofia kubwa ameona mawimbi kumi na moja na kuyapigia makofi."

Sisi nyumbani tulikucheka. Tunakiri. Lakini kucheka ni jambo moja, na aliyoyafanya Shemeji Ebong ni jambo lingine.

Kwa wasiomjua: Ebong anatoka Kwapa, ambako watu ni wakulima wa kawaida wenye akili za kawaida. Yeye aliona hilo halimtoshi, akahamia soko la Busia kuuza mbuta, na kwa kuwa amekata vichwa vya samaki kwa miaka thelathini, huamini kwamba akili iliyokuwa ndani ya vichwa hivyo imemhamia. Ukimwuliza habari za mvua, atakujibu kwa samaki. Ukimwuliza habari za ndoa, hivyo hivyo.

Elimu yake ni fupi. Samaki hukaa chini. Samaki mkubwa akionekana juu ya maji, amekufa, au amekula sumu, au yuko njiani. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba huenda kila mwaka kutazama samaki wakubwa wakija juu wenyewe, wazima, wakageuka, wakaonyesha mkia na kurudi chini, mtu huyo anaficha kitu. Na mwanamume anayeficha kitu pwani kwa miaka kumi na minane, kitu hicho huvaa gauni.

"Mimi nauza samaki," alikuwa akisema, akijipiga kifuani. "Samaki gani nakuja juu kutazamwa? Iko na kazi gani huko juu?"

Watu wa soko la Busia walitikisa vichwa. Nani angembishia? Wote wamekulia karibu na ziwa. Jambo hili hata mtoto wa Majanji analijua.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida, Baba, kwa maana Mama Benedeta ni mtoto wa Majanji.

Baba yake alikuwa mvuvi. Mama akiwa na miaka saba aliona mbuta mkubwa kuliko yeye akielea karibu na ufuo, tumbo juu, akifungua mdomo na kufunga. Alikimbia kumshika. Baba yake alimvuta kwa nguvu hadi mkono ukauma, akamwambia: anayekuja juu anakuja kufa, usimguse, usimle, usimpelekee mtu. Mambo mengi ya utotoni Mama ameyasahau. Hilo bado lipo. Kwa hiyo uliporudi kila Septemba na pua iliyobabuka, ukamweleza juu ya migongo na pumzi, alikutazama akicheka kwa mdomo, na nyuma ya kicheko kulikuwa na mkono wa baba yake ukimvuta. Wanawake wa pwani hakuwajua. Samaki aliwajua.

Mwaka jana ulirudi tarehe thelathini Septemba. Siku tisa baadaye ikawa chai ile, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tunakuleta kijijini Masafu ukiwa ndani ya sanduku.

Desturi yetu ya Masafu inajulikana. Kabla ya mchanga kuwekwa, mkubwa wa ukoo husimama na kuuliza kama marehemu alikuwa na mke au mtoto asiyejulikana. Kama yupo, ajitokeze mchana kweupe atambuliwe. Mzee Maloba aliuliza mara moja, kama anavyouliza katika kila mazishi, akaketi. Padri akafungua kitabu. Ndipo Ebong alipochukua kipaza sauti.

"Tungoje kidogo," alisema. "Pwani iko mbali."

Tukangoja. Jua lilikuwa la saa nane. Padri alitazama saa yake, kisha mawingu, kisha Ebong. Waliobeba sanduku walilishusha, wakalinyanyua, wakalishusha tena. Baada ya saa nzima, mwanamke mmoja alitokea kwenye njia ya shamba la mihogo, amejifunga kanga, ana ndoo kichwani. Ebong alimkimbilia mikono wazi.

"Karibu, mama! Karibu! Usiogope, sisi ni watu wazuri!"

"Mimi nauza chapati," alisema yule mwanamke.

Ebong akamwuliza kama ana uhakika.

Watu walicheka, Baba, kwenye mazishi yako, na wengine wakanunua chapati. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya sanduku. Hakucheka wala hakulia. Kate aliyekuwa amemshika mkono anasema ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua. Kisha Ebong, akiona bi harusi wake wa pwani hatokei, alitoa mkobani daftari lako la mwisho, alilolikuta mezani ofisini siku ile ya chai, akalisomea umma.

"'Mbeyu ameona kwanza,'" alisoma. "Hapa tena: 'Mbeyu ameona kwanza.' Hapa tena! Mbeyu ni jina la nani? Na hapa sasa, sikieni ndugu zangu: 'Mbeyu ana macho.'" Akafunga daftari. "Mimi nimemaliza."

Hakuwa amemaliza. Hajawahi kumaliza. Lakini wewe ulizikwa jioni ile, na Mzee Maloba akasema kwamba swali la mke wa pili linabaki wazi mpaka mjane atakapolifunga kwa neno lake.

Mama hakulifunga. Mafundi walipokuja kusakafia kaburi, aliwarudisha. Miezi ikapita, mvua ikanyesha, udongo ukashuka, nyasi zikaota juu yako. Majirani wa Masafu, ambao husakafia hata kaburi la mtu waliyemchukia, waliona na kunyamaza kwa sauti kubwa.

"Nitajenga," Mama alimwambia Kate, "nikishajua namjengea nani. Kama alinidanganya miaka kumi na minane, alale kwenye nyasi."

Mambo mawili yalikuwa yakingoja neno lake, Baba. Kaburi lako, na jina lako kinywani mwa mkeo.

Ebong alikuja kila Jumamosi kumfariji. Alifariji kwa kula.

"Shemeji Benedeta," alisema akichovya mkate, "wewe ni mtoto ya Majanji. Mimi sikufundishi. Umeona samaki mzima nakuja juu kusalimia watu?"

"Kunywa chai yako, Ebong."

"Nakunywa. Lakini umeona?"

"Sijaona."

"Basi." Akachukua kipande kingine. "Na huyu Mbeyu ndiye alimpa kitu akakula. Mtu anatoka pwani mzima, siku tisa, amekufa! Mimi nasema tu."

Shangazi Damalie, dada yako, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. "Wewe kila siku unasema tu," alimwambia mumewe. "Siku utakayofanya kitu tutapiga kengele ya kanisa."

Kate alijaribu kwa njia yake. Alimwonyesha Mama video kwenye simu: nyangumi anaruka mzima kutoka majini na kuanguka kwa kishindo. Mama aliitazama mara mbili.

"Kwenye hiyo simu," alisema, "wiki iliyopita nilimwona mbuzi akiendesha trekta."

Video ikaisha hapo.

Kilichomwinua Mama ni wewe mwenyewe. Mwezi wa Juni alianza kusoma madaftari, kwanza akitafuta jina la Mbeyu kwa kidole, kama anayetafuta chawa. Alilikuta mara mia mbili na kumi na mbili. Kisha kwenye daftari la mwaka 2009 akakuta jina lingine. "Agosti nne. Benedeta amekataa kuja. Nimemwomba mara tatu. Anasema samaki wa juu ni samaki mgonjwa. Nimemweleza kwamba huyu hana matamvua, anapumua kama sisi, asipokuja juu atakufa maji. Amecheka. Saa nne na robo. Pumzi mbili, kusini."

Mama alikumbuka. Ilikuwa jikoni, alikuwa anapepeta mtama, na wewe ulisimama mlangoni na begi ukisema, twende wote, Beni, wiki moja tu. Alicheka kweli. Alikuambia umpelekee salamu mgonjwa wako. Ukacheka pia, ukaenda, na hukumwomba tena. Kwa hilo, Baba, familia inakulaumu. Mtu anayetembea mstari wa malori mara mbili alishindwaje kuomba mara ya nne?

Mwezi Agosti Mama aliwaacha wengine na mahindi, akamchukua Kate, akaenda Watamu. Ebong alimsindikiza hadi stendi. "Ukimwona huyo mwanamke, usimpige," alimwambia. "Niite mimi." Haikueleweka angefanya nini.

Mbeyu walimkuta asubuhi ya kwanza, bila kutafuta. Alikuwa ameketi juu ya mwamba, pale pale penye alama ya makalio ya watu wengi, amevaa kofia ya mwavuli. Ana miaka sabini na sita. Jicho lake la kushoto limefunikwa na ukungu mweupe. Meno yake ni matatu, nayo hayajapakana. Kate anasema alimtazama Mama, akaona uso wake ukifanya kazi ngumu kuliko kuvuna.

"Wewe ndiye Mbeyu?"

"Ndiye. Nawe u nani, mwanangu?"

"Mimi ni mke wa Odwori."

Bi kizee aliweka darubini chini. "Beni," alisema. "Umechelewa miaka kumi na sita. Kaa. Yeye yu wapi, viatu vimeisha?"

Hakuna aliyekuwa amempelekea habari. Tulikuwa tumemtukana mwaka mzima na hatukuwa tumemwambia kwamba umekufa. Mama ndiye alimwambia, akiwa bado amesimama na mkoba begani. Bi Mbeyu alivua kofia yake ya mwavuli, akaiweka magotini. "Alitupunguzia nyangumi," alisema.

"Vipi?" Kate aliuliza.

"Kabla hajaja tulikuwa nao tele. Kila akiibuka, tunaandika. Akaja huyu bwana na kalamu zake, akasema huyu ndiye yule wa robo saa iliyopita, tazameni mkia wake ulivyokatika. Mwaka ule walibaki nusu. Vijana wa kuhesabu walitaka kumtosa majini."

Mama aliketi. Ila tusidanganye: hakuamini bado. Alikuwa amemwona Mbeyu, akaondoa gauni kichwani mwake, lakini samaki walikuwa hawajaondoka. Mtu anaweza kudanganywa na mwamba mzima wa watu. Siku ile pomboo walipita, kumi na wawili au kumi na watatu, migongo ikipanda na kushuka kama sindano kwenye kitambaa. Kate alipiga kelele. Mama alitazama kwa macho ya Majanji.

"Wanakimbizwa," alisema. "Kuna kitu chini."

"Hawakimbizwi, mwanangu," alisema Bi Mbeyu. "Wanapumua. Tazama tundu la utosini."

Mama hakuona tundu wala utosi. Siku ya pili hakukuwa na kitu ila mawimbi, na mgeni mmoja mwenye kamera aliyeona nyangumi sita ambao wote walikuwa povu. Mama alimtazama kwa dharau ambayo ungeitambua. Siku ya tatu, saa tano, Bi Mbeyu alinyoosha kidole na jicho lake moja, na mbali kabisa mvuke mdogo ukasimama juu ya maji, ukainama, ukapotea.

"Pumzi," alisema Bi Mbeyu.

"Ni huyo?" Mama aliuliza. Kisha mdomo wake ukasema kile ulichofundishwa. "Huyo basi anakufa."

Bi Mbeyu alimgeukia mjane wako. "Kesho," alisema, "utakwenda karibu naye. Macho yako yana kichwa kigumu."

Kesho yake wahesabuji, wale vijana wanaohesabu nyangumi kila msimu, waliwachukua Mama na Kate kwenye mashua yao ya injini. Mama hakuwahi kupanda mashua tangu baba yake afe. Alishika ubao kwa mikono miwili, akakataa koti la kuokolea mpaka Kate akamvisha kwa nguvu kama mgonjwa wa wodi. Walikwenda nusu saa. Kisha nahodha akazima injini, na wakangoja katika ukimya ambao Mama anasema ulikuwa mrefu kuliko misa ya Ijumaa Kuu.

Sauti ilitoka nyuma yao.

Wewe uliiandika mara elfu, Baba, lakini hukuandika inafanana na nini, labda kwa sababu ulidhani kila mtu anajua. Mama aliijua mara moja. Ameishi Malaba miaka thelathini, dirisha lake liko mita hamsini kutoka foleni. Ni sauti ya lori kubwa likiachia upepo wa breki. Fuuush! Aligeuka kutafuta lori. Badala yake kulikuwa na mgongo mweusi, mrefu kama ukuta wa kanisa uliolala, ukipita polepole, una maji yanayoshuka, na juu yake tundu mbili zinafunguka, zikavuta hewa, zikajifunga. Harufu mbaya ikawafikia. Kisha kando ya mgongo ule, mgongo mdogo, na pumzi ndogo, kama ya pikipiki.

Hakuna aliyekuwa tumbo juu. Hakuna aliyefungua mdomo na kufunga. Yule mkubwa alivuta pumzi tatu, taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda, akaukunja mgongo, akaupandisha mkia mzima juu ya maji, upana wake kama mlango wa ghala, akaingia chini mzima, mzima kabisa, na mtoto wake nyuma.

Walikaa chini dakika kumi na moja. Tunajua kwa sababu wahesabuji waliandika. Mama aliketi na maji ya chumvi usoni, mengine ya bahari. Nyangumi waliporudi juu, akasema, si kwa Kate wala kwa nahodha:

"Ulikuwa unaniambia."

Kisha: "Na mimi nikacheka."

Alilia njia nzima ya kurudi ufukweni. Bi Mbeyu alikuwa anangoja kwenye mchanga, akampa maji ya kunawa, wakaketi bega kwa bega mpaka adhana ya alasiri. Walizungumza nini hatujaambiwa. Tumeambiwa tu kwamba Bi Mbeyu alisema ulikoroma hata juu ya mwamba.

Mama alirudi Masafu tarehe ishirini na moja Agosti. Jumamosi iliyofuata Mzee Maloba aliita ukoo. Ebong alikuja mapema na akachagua kiti cha mbele, chenye mikono.

Mama alisimama. "Swali mliloliacha wazi," alisema, "nimekwenda, nimeona. Mume wangu alikwenda kutazama nyangumi. Nyangumi wanakuja juu. Wanakuja kuvuta pumzi. Hakunidanganya hata siku moja. Lifungeni."

"Limefungwa," alisema Mzee Maloba, akatafuta fimbo yake.

"Ngoja kwanza!" Ebong alisimama. "Ushahidi iko wapi? Mtu anakwenda pwani siku chache, anarudi kusema samaki nakuja juu. Mimi miaka salasini nashika samaki na hii mikono."

Mama alimtazama kutoka viatu hadi kichwa, bila haraka, kama anayekagua mzigo uliooza njiani.

"Ebong," alisema, "miaka thelathini umeshika samaki, na hujawahi kumtazama hata mmoja akiwa hai."

Aliyecheka kwanza ni Shangazi Damalie. Wengine walijitahidi kwa heshima ya mahali, wakashindwa. Ebong alifungua mdomo, akafunga, akafungua, akaketi. Inasemekana sasa husema kwamba nyangumi wanakuja juu, ndiyo, lakini kwa sababu wanaumwa kifua.

Jumatatu fundi Okwi aliitwa. Kaburi limesakafiwa, Baba, kwa saruji iliyochanganywa mbele ya macho ya Mama, ambaye alihesabu ndoo. Okwi aliuliza aandike nini. Ebong alikuwa ametuma ujumbe kwamba ni busara kuacha nafasi tupu chini ya jina la mjane, kwa lolote litakalotokea. Mama alimwambia Okwi aandike jina lake kwa herufi kubwa, zijaze mstari wote.

Misa ya kumbukumbu itasomwa Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani Masafu. Wote mnakaribishwa. Waliocheka kwenye mazishi wataketi juani. Muuza chapati ataketi mbele, pamoja na Bi Mbeyu, ambaye yuko njiani na tumemwahidi kuku mlaini.

Tunawaarifu pia ndugu, jamaa na majirani kwamba kuanzia sasa Mama Benedeta hatapatikana nyumbani mwezi wa Agosti. Darubini anayo. Daftari la kumi na tisa amelianza, kwa kalamu mbili. Asiulizwe anakwenda kwa nani.

Unakumbukwa na mkeo Benedeta. Watoto wako Kate na Marvin. Dada yako Damalie. Wajukuu zako, ambao watasimuliwa haya yote bila kuongezwa chumvi zaidi ya iliyohitajika. Mzee Maloba na ukoo mzima. Karani wako Ochen. Madereva wa Malaba, ambao wanaombwa kurudisha mitungi miwili. Bi Mbeyu wa Watamu. Na Shemeji Ebong, aliyeomba jina lake lisisahauliwe.

Wewe, Baba, hatutakusahau kamwe.